Nota Tatu za Mtoto wa Safu ya Nyuma

Kwa wiki nne watoto 26 wa Gredi ya 4 walipuliza wimbo mmoja, nota zile zile, kwa wakati ule ule, kwenye filimbi ndogo za plastiki ambazo wazazi wao walizinunua mjini Mombasa mwanzoni mwa muhula. Niliombwa niwaandae kwa tamasha la muziki la shule. Wimbo ulikuwa mzuri na watoto walikuwa na bidii, lakini sauti iliyotoka ilikata masikio. Darasa la jirani lilifunga madirisha kila tulipoanza, na joto la pwani lote lile.

Wiki ya tano niliwapokonya wimbo watoto 21, nikawaachia watano. Wale wengine niliwaandikia mambo mengine. Kulikuwa na mvulana mmoja wa safu ya nyuma ambaye hadi siku ile vidole vyake vilikuwa vimekubali nota tatu pekee: B, A na G. Nilimwandikia hizo hizo tatu, ndefu ndefu, kila moja aishike mapigo manne. Aliitazama karatasi akaniuliza, "Mwalimu, hii ni yangu?" Nikamwambia ni yake na wenzake watano, na bila wao wimbo hausimami.

Tulipoanza, kundi lake lilishika G na kundi la pili likashika B juu yake. Niliwaambia wa B wapunguze pumzi, wapulize kama mtu anayepoza uji wa mtoto mchanga. Ndipo chini ya filimbi zile ndogo ikasikika sauti nzito, ya chini sana, kama mtu anayeimba kwa mbali huku midomo ameifumba. Watoto walishtuka wakaacha kupuliza, nayo ikapotea. Walipopuliza tena, ikarudi. Mmoja aliinama akachungulia chini ya dawati.

Hakuna aliyekuwa akiipuliza. G ya filimbi ile hutetema mara 784 kwa sekunde. B iliyo juu yake, kama inavyowekwa kwenye piano, hutetema mara 988. Sauti mbili kali zikiingia sikioni pamoja, sikio huzaa ya tatu ambayo mitetemo yake ni tofauti ya zile mbili, hapa 204. Sasa, 204 si nota inayotulia; imezidi kidogo G ya chini, ambayo hutaka 196. Lakini wapuliza B wakipunguza pumzi hadi sauti yao ishuke ifike 980, hesabu hukaa sawa: 980 ukitoa 784 unabaki na 196, G kamili, oktavu mbili chini ya ile inayopulizwa. Mpiga fidla wa Italia, Giuseppe Tartini, alisema aliigundua sauti hii ya tatu mwaka 1714. Kwenye filimbi ndogo husikika wazi kuliko kwenye ala nyingi, kwa sababu sauti zake ni za juu, kali, na safi. Mpangaji wa muziki anayeifahamu hesabu hii anaweza kupata besi katika shule isiyo na besi.

Filimbi ninayoizungumzia ni rekoda, ile ya kusimama wima yenye matundu saba mbele na moja la kidole gumba nyuma. Wazazi wa Kenya wameizoea tangu mtaala wa umilisi ulipofika Gredi ya 4 mwaka 2020 na rekoda ndogo ikawa miongoni mwa vifaa vya kujifunzia muziki. Wengi wanaijua kwa kelele zake sebuleni jioni. Ninaipenda filimbi hii kwa dhati, na ninaamini kuwa lawama nyingi inazobebeshwa ni zetu sisi tunaoiandikia muziki, au tuseme, tusioiandikia. Tunawapa watoto 26 mstari mmoja wa nota, kisha tunashangaa wakitoa sauti ya watu 26 wanaogombania mlango mmoja.

Kiswahili humwita mtu wa kazi hii mpangaji, neno lile lile tunalomwitia anayekodi chumba, na kwangu neno hilo limekaa pale pale panapostahili. Nyumba si yake. Wimbo aliujenga mwingine, pengine miaka mia iliyopita, pengine bibi asiyejulikana jina. Mpangaji anaingia na vitanda vyake, anaamua nani alale wapi, anafungua dirisha hili na kulifunga lile. Kuta haziondoi. Mtunzi ni mwenye nyumba, naye akiandikia rekoda hukutana na kiwanja kile kile chenye masharti yale yale.

Sharti la kwanza na kubwa ni pumzi. Mpiga chivoti, ile filimbi ya Wadigo inayopulizwa kwa ubavu, hutengeneza upepo kwa midomo yake mwenyewe; akitaka kupaza au kufifiza sauti anageuza pembe ya mdomo na kuendelea. Kwenye rekoda mlango wa upepo umeshachongwa na fundi, haugeuki. Ukipuliza kwa nguvu, sauti inaongezeka kidogo na wakati huo huo inapanda juu ya nota yake. Ukipuliza taratibu, inashuka. Kwa hiyo lile jambo ambalo mwimbaji hulifanya bila kufikiri, kuanza kwa mnong'ono na kumalizia kwa kishindo, rekoda moja hailiwezi ila kwa hila za vidole ambazo mtoto hana.

Nguvu ya sauti, basi, inapaswa kuandikwa. Ukitaka wimbo uvimbe, ongeza wapulizaji: wawili, kisha wanne, kisha kundi zima. Ukitaka unyong'onyee, waondoe mmoja mmoja. Ukitaka mshtuko, wanyamazishe wote kwa pigo moja kisha warudi pamoja. Nota fupi zinazokatwa kwa ulimi huonekana nyepesi. Nota zilizounganishwa huonekana nzito, hata pumzi ikiwa ile ile. Hakuna ala ninayoijua inayomdai mpangaji kazi nyingi namna hii, wala inayomlipa upesi hivi akiifanya.

Sharti la pili linatokana na la kwanza. Nota za chini za kila rekoda ni za upole, nota zake za juu ni kali. Wanaoanza kupanga muziki huandika kama wanavyoandikia kwaya: wimbo juu, sauti ya pili chini yake, na kadhalika, wakidhani zitasikika sawa. Hazisikiki sawa. Ukimpa mpuliza alto wimbo katika nota zake za chini, na juu yake ukamweka soprano anayepuliza vinakshi katika nota zake za juu, msikilizaji atatoka ukumbini akiimba vinakshi. Nilifanya kosa hilo katika kazi yangu ya kwanza kabisa, na ilinichukua mazoezi matatu kuelewa kwamba watoto wa alto hawakuwa wavivu. Nilikuwa nimewaandikia mahali ambapo filimbi yao hainong'oni zaidi ya pale.

Nimetaja alto na soprano kwa sababu ile filimbi ya Gredi ya 4 ni mtoto mmoja tu wa ukoo mkubwa. Hiyo ni soprano, yenye urefu wa sentimita 33 hivi, na nota yake ya chini kabisa ni C. Inafuatwa na alto ambayo huanzia F, kisha tenor inayoanzia C tena, kisha besi inayoanzia F. Chini yake kuna kubwa zaidi, hadi zile za mbao bapa zilizokunjwa pembe nne ambazo familia ya Paetzold ya Ujerumani ilianza kuzitengeneza katika miaka ya 1970. Zile nne za kwanza kwa pamoja husikika oktavu moja juu ya kwaya ya watu. Nyimbo nyingi za kanisani za sauti nne zinaingia kwenye rekoda nne karibu bila kubadilishwa, kana kwamba kwaya nzima imehamia ghorofani. Karibu, kwa sababu mwimbaji wa besi wakati mwingine hushuka chini ya F, na besi ya rekoda haina E. Na kwa sababu sauti ya pili ya kwaya huangukia pale pale kwenye nota za chini za alto, zile za kunong'ona. Kupandisha wimbo ngazi mbili au tatu mara nyingi hutibu yote mawili.

Watu wa kale walilijua hili kabla yetu. Sebastian Virdung alichapisha kitabu chake cha ala mjini Basel mwaka 1511, akaeleza rekoda za ukubwa wa aina tatu za kupulizia muziki wa sauti nne: ndogo moja, za kati mbili, kubwa moja. Mwaka 1533 mchapishaji wa Paris, Pierre Attaingnant, alitoa makusanyo mawili ya nyimbo za sauti nne, na kando ya nyimbo akatia herufi ndogo kumwonyesha mnunuzi upi unafaa filimbi ya ubavu, upi unafaa rekoda, na upi unafaa zote mbili. Zilikuwa nyimbo za kuimbwa. Alichokifanya ni kuzisikiliza kwa sikio la mpulizaji na kuamua. Mimi humwona kama mwalimu wangu, ingawa kazi aliyoiacha katika jambo hili ni herufi tu. Kupanga muziki huanzia hapo, kabla kalamu haijagusa karatasi: kuukataa wimbo usiofaa ala, hata kama unaupenda.

Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alipokufa mwaka 1547, orodha ya mali yake ilikuwa na rekoda zaidi ya 70. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amewaleta ndugu wa familia ya Bassano kutoka Venice, mafundi na wapulizaji, na kuanzia mwaka 1540 kikundi cha rekoda kilikuwa na ajira ya kudumu katika jumba la kifalme kwa muda wa miaka 90 hivi. Michael Praetorius, akiandika Ujerumani mwaka 1619, alieleza seti kamili ya filimbi 21. Katika karne hiyo hiyo Johann Heinrich Schmelzer wa Vienna alitunga sonata ya rekoda saba. Kisha kumbi zikapanuka, okestra zikakua, wasikilizaji wakataka sauti inayoweza kuvimba na kufifia katika pumzi moja, na kufikia katikati ya karne ya 18 filimbi ya ubavu ilikuwa imeisukuma rekoda nje. Ilikaa kimya zaidi ya miaka mia moja.

Kufufuka kwake kulisaidiwa na mkoba uliosahaulika. Mwaka 1919 Arnold Dolmetsch na familia yake walikuwa kwenye stesheni ya Waterloo mjini London, na mkoba uliobeba rekoda yake ya kale, kazi ya fundi Bressan, ukaachwa hapo. Aliyeusahau alikuwa Carl, mwanawe mdogo. Dolmetsch akaamua kuchonga nyingine mwenyewe kwa vipimo alivyokuwa navyo. Mwaka 1925 alianzisha tamasha la muziki wa kale huko Haslemere, rekoda zikasikika tena zikiwa ukoo mzima, na yule Carl akaja kuwa mpulizaji mashuhuri. Mjerumani Peter Harlan alilichukua wazo hilo la kuifufua rekoda, akaanza kuuza kwao filimbi za bei nafuu, akiwa amebadilisha matundu ili F ipatikane kwa vidole vichache. Walimu wakaipeleka shuleni, na plastiki ilipokuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaifanya iwe rahisi kama kalamu. Hivyo ndivyo ilivyofika mikononi mwa mtoto wa Gredi ya 4.

Mabadiliko ya Harlan bado yanatusumbua. Siku ya kwanza nilipowakusanya wale watoto 26 niligundua kuwa baadhi yao walikuwa na filimbi za vidole vya Kijerumani na wengine za vidole vya kizamani, zote za plastiki, zote zikifanana kwa mbali. Kwenye G, A na B hazikuwa na ugomvi. Tulipofika F, nusu ya darasa iliweka vidole sawa kabisa na sauti ikatoka imepinda. Mzazi hawezi kujua tofauti hiyo dukani, wala muuzaji hakuniambia aliijua. Ningeweza kuwaagiza wanunue upya. Badala yake nilitafuta wimbo usio na F.

Nilikuwa nao. Nyanya yangu alitubembeleza kwa wimbo wa nota tano tu, ambao ukiuanzia G unapita G, A, B, D na E. Hakuna F popote, wala ya kawaida wala ya kupandishwa. Tatizo lilikuwa E ile ya juu, inayotaka kidole gumba kifungue tundu la nyuma kidogo sana, upana wa ukucha. Kikizidi filimbi inalia kama paka aliyekanyagwa. Ningeweza kuushusha wimbo uanzie C ya chini, lakini huko vidole vya watoto wa miaka kumi vinaacha upenyo pembeni mwa matundu na nota inapasuka. Niliuacha juu. Nikaitazama ile E: inatokea mara nne katika wimbo mzima, na kila mara ni mwisho wa kupanda, mahali ambapo nyanya mwenyewe alikuwa akishusha sauti ili mtoto asiamke. Niliwapa E hizo wasichana wawili walioiweza, wale watatu waliobaki wakapumzika hapo. Watu wawili wakabaki mahali palipokuwa na watano, na wimbo ukapungua nguvu pale pale nyanya alipoupunguza.

Hapo ndipo nilipoacha kuviona vikwazo vya ala kuwa hasara.

Kuna jambo la sauti moja ambalo walimu wenzangu hunibishia. Wanasema kupuliza pamoja nota ile ile ndiyo rahisi, sauti nyingi zije baadaye, watoto wakishakomaa. Kwa kuimba sina ubishi. Kwa rekoda mambo ni kinyume. Watoto wawili wakishika G, mmoja akiwa kwenye 784 na mwenzake 790, sikio husikia mtetemeko wa mara sita kwa sekunde, mkwaruzo unaouma. Waongeze wawe 26, kila mmoja na pumzi yake. Kupuliza sauti moja kikamilifu ni mtihani wa wapulizaji wakubwa. Watoto wale wale ukiwagawa kwenye nota tatu tofauti, mikwaruzo ya aina hiyo inapungua kwa sababu wanaogongana ni wachache, na kila kundi dogo linaweza kusikilizana. Gawanya mapema. Gawanya siku wanapojua nota tatu.

Na kama hawana hata hizo tatu? Majibu yapo jirani kwetu tangu zamani. Katika majumba ya kifalme ya Bunyoro na Buganda kulikuwa na amakondere, baragumu zinazopulizwa kwa ubavu, kila moja na nota yake moja. Hakuna mpulizaji mwenye wimbo. Wimbo umetawanywa kati yao, mmoja anatia neno lake na kunyamaza, mwingine anapokea, na kinachosikika mbali ni mstari mmoja usiokatika. Basoga na Baganda wana pia endere, filimbi zinazopigwa zikiwa za ukubwa mbalimbali kwa pamoja. Mpangaji wa rekoda aliyekulia ukanda huu hana haja ya kwenda Venice kutafuta mfano. Kundi langu la nne, watoto wanane, lilikuwa la wale ambao vidole vyao vilikuwa vizito zaidi. Wanne niliwapa B peke yake, wanne A peke yake, fupi fupi, zikijibizana baina ya mapigo kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja. Ndilo kundi lililofurahi kuliko yote, na ndilo lililofundisha darasa zima kuhesabu, maana ukiwa na nota moja huna pa kujificha.

Faida nyingine ya kupokezana ni mapafu. Mtoto akipewa mstari mrefu atavuta pumzi pale inapomwishia, na ikiwaishia wote pamoja wimbo unakatika katikati ya neno. Siku hizi sianzi kuandika nota kabla sijaweka alama za pumzi. Huimba mstari polepole huku nikitembea, najua nitapumua wapi, kisha nahakikisha kwamba kundi moja linapovuta pumzi jingine limeshika. Kwa besi huwa na huruma zaidi: filimbi kubwa hula hewa nyingi na nota zake za chini huchelewa kuitika, kwa hiyo besi apewe nafasi, nota chache, kimya cha kutosha, na pasiwe na msongamano juu yake.

Nawahusudu watunzi waliolielewa jambo hili kwa kuwaandikia watu waliowafahamu. Mnamo Juni 1932 Paul Hindemith alikwenda Plön, mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani, akawatungia wanafunzi wa shule ya huko muziki wa siku nzima, kuanzia asubuhi hadi tamasha la jioni. Ndani yake mna kazi ya rekoda tatu, iliyoandikwa kwa filimbi za A na D, aina zilizokuwa zikitumika Ujerumani wakati ule. Leo zinazotumika sana ni za C na F, na toleo linalopigwa limepangwa upya kwa ajili hiyo. Muziki ulishonwa kwa kipimo cha vijana wa shule moja, na bado unavaliwa.

Benjamin Britten naye alikuwa Zermatt, Uswisi, mapema mwaka 1955, na marafiki zake, wakiteleza kwenye theluji. Mmoja wao, mchoraji Mary Potter, aliumia mguu ikabidi abaki ndani. Britten akamtungia kazi ya rekoda tatu, aipulize pamoja naye na mwimbaji Peter Pears, ili siku zisiwe ndefu. Watatu hao hawakuwa mabingwa wa filimbi. Alijua kila mmoja anaweza nini, akaandika hapo hapo, wala hakuandika kazi duni kwa sababu hiyo.

Kuna pia wale walioonyesha kwamba rekoda haina aina yake ya muziki. Vijana wanne wa Amsterdam waliounda kikundi cha Loeki Stardust mwaka 1978 walikwenda kwenye mashindano ya muziki wa kale ya Bruges mwaka 1981 na wimbo wa Stevie Wonder uliopangwa kwa rekoda nne, ukumbi ukachangamka na mjadala ukafuata. Mtunzi Mjerumani Sören Sieg ameandika mfululizo wa kazi za rekoda anazoziita za Kiafrika. Nimezisikiliza kwa heshima, na kila mara najiuliza kwa nini kazi kama hizo hazitoki kwetu kwa wingi. Tuna watoto wengi wenye filimbi kuliko watunzi wa kuwaandikia.

Hatuwezi kusema hatuna desturi ya kupanga. Wimbo wa taifa wa Kenya ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mwaka 1963 watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walikaa nao wakaupanga ufae kusimamiwa na taifa. Mama mmoja akimwimbia mtoto mmoja huhitaji sauti ndogo. Wao walitafuta namna ya kuufanya ubebwe na bendi na uwanja mzima bila kuuvunja. Kila ninaposhika kalamu huwakumbuka. Walikuwa wapangaji katika nyumba ya watu wa Mto Tana, na kuta zake zingali zimesimama.

Nimepata kuulizwa kama kuna haja ya kuandika nota kwa watoto ambao wengi wao hawazisomi. Wale 26 walijifunza kwa kusikia na kwa herufi nilizoandika ubaoni, rangi moja kwa kila kundi. Lakini karatasi niliwapa pia, kila mmoja yake. Mvulana wa safu ya nyuma aliikunja mara nne akaitia mfukoni, na wiki iliyofuata ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Alikuwa amemwonyesha mama yake.

Tamasha lilipita, tulipiga vizuri, tukarudi. Wiki mbili baadaye mwanakwaya mmoja alituletea tenor iliyokaa kabatini kwa miaka, ya mbao, urefu wa zaidi ya nusu mita, kubwa mno kwa watoto karibu wote. Niliipitisha darasani. Vidole havikufika. Mvulana yule aliipokea wa mwisho, akaviweka vidole vyake virefu, ambavyo siku zote vilikuwa vinagongana kwenye filimbi ndogo, na vikakaa. Alipuliza kwa nguvu, ikalia vibaya. Nilimkumbusha uji wa mtoto mchanga. Mara ya nne ikatoka C, pana, ya joto, oktavu nzima chini ya wenzake, na darasa lote likageuka kumtazama.

Usiku ule niliufungua tena wimbo wa nyanya, nikafuta mstari wake wa nota tatu, na kuanza kumwandikia mwingine.